Kaye ya masaa ndani ya telefone: namna tulijenga aplikasio yetu ya kwanza

Kila mwisho wa mwezi, hapa Kolwezi, malalamiko ni ile ile. Kapita anasema masaa yake, ofisi ya personele inasema mengine, na fishi ya mushahara inatoka na hesabu ya tatu. Mufanyakazi anakuja kutuona siye wa sendika, anaweka fishi pa meza: "Wamenikata masaa." Tunamuuliza: "Uliandika fasi gani?" Wengi wanajibu kwamba wanaikumbuka mu kichwa. Na kichwa, mbele ya enspektere wa kazi, si karatasi.

Wake zetu njo wanaandika muzuri kushinda siye. Mama mumoja alituletea kaye ya shule, kurasa zimejaa kalamu ya bleu: tarehe, saa bwana yake aliingia, saa alitoka, miezi saba bila kuruka siku. Kwa kaye ile delege alipata kitu ya kusema na wakubwa wa kampuni, moja ya zile za sous-traitance. Hapo njo wazo lilitokea: kama mama anaweza kufanya vile na Bic, siye tuna telefone kila mutu, tena telefone yenye cobalt ya hapa kwetu ndani ya betri. Iandike masaa, na ifanye hesabu yenyewe.

Tulikuwa watu sita, madereva wa benne, mekanisie mumoja na wamama wawili. Hakuna aliyesoma enformatike. Mutoto wa mwenzetu, mwanafunzi, alikubali kutusaidia siku ya yenga kisha misa.

Mbele ya kuandika mustari hata moja alituuliza: "Ba papa, ba mama, sheria inasema nini? Machine haina akili. Itahesabu paka ile mutaiambia." Tukafungua Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002. Juma moja ya kazi ni masaa 45, siku moja ni masaa 9. Ile inapita 45 ni masaa ya nyongeza. Sita za kwanza zinalipwa na asilimia 30 juu ya bei ya saa, zile zinafuata asilimia 60, na masaa ya siku ya mapumziko ao ya sikukuu asilimia 100. Convention collective ya kampuni inaweza kutoa zaidi, haiwezi kushuka chini ya hapo.

Chukua mutu anafanya masaa 11 kwa siku, siku tano. Ni masaa 55, maana yake 10 ya nyongeza. Tuseme saa yake ni dola 2. Masaa sita ya kwanza yanatoa dola 15,60, na manne yanayobaki dola 12,80. Jumla 28,40. Kama kampuni inamulipa masaa yale kumi kwa bei ya kawaida, anapata 20. Dola 8,40 zimepotea juma moja, dola 33,60 kwa majuma ine. Wamama wanaosoma hapa wanajua ile makuta inafanya nini ndani ya nyumba. Na kuchelewa ni hatari: kwa deni ya mushahara sheria inatoa mwaka moja tu kuanzia siku ulipashwa kulipwa. Kisha hapo mulango unafungwa.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanafikiri kujenga aplikasio inaomba ordinatere kubwa, biro na intaneti ya nguvu. Ya kwanza yetu ilikuwa fishie moja tu, jina lake masaa.html, tuliyoiandika ndani ya telefone na aplikasio ya kuandikia maneno. Ukiigusa, inafunguka ndani ya Chrome, hata kama hauna mega moja. Ndani yake muko luga tatu. HTML ni mifupa: hapa kichwa cha habari, hapa sanduku la kuandikia, hapa butoni. CSS ni nguo: rangi, ukubwa wa herufi. JavaScript njo mufanyakazi mwenyewe, anachukua namba na kuzihesabu. Ile mambo ya kurasa za intaneti ilianzia ku CERN, karibu na Geneva, mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipotafuta njia ya kusaidia watu wa kazi wagawane karatasi zao. Ilizaliwa juu ya shida ya kazi, kama yetu.

Siku ya kwanza tuliweka masanduku matano, juma-tatu mpaka ijumaa, na butoni "Hesabu". Tukaandika 11 kila fasi, tukagusa. Jibu: 1111111111. Zaidi ya milioni elfu moja ya masaa ndani ya juma moja! Mekanisie alisema kwa bei ile kampuni itafunga kesho. Ni mutego unaongojea kila anayeanza: ile inatoka ndani ya sanduku, JavaScript anaiona kama maneno, na alama ya + kati ya maneno inayaunganisha tu, kama vile unashona vitambaa. Unapashwa kumwambia wazi "hii ni namba". Neno lenyewe ni Number, na mabano. Kisha hapo tukapata 55.

Mutego wa pili uliomba bongo zaidi, juu ya kazi ya usiku. Tulitaka mutu aandike paka saa ya kuingia na saa ya kutoka. Anaingia saa 18, anatoka saa 6 asubui. Machine inafanya 6 kutoa 18, inajibu: kasoro 12. Kwa machine, ule mutu alitoka mbele ya kuingia. Dawa yake ni fupi: kama jibu liko chini ya sifuri, ongeza 24. Inatoa 12. Toa saa moja ya kula, inabaki 11. Dereva mumoja wa usiku aliangalia mustari ule wakati murefu, akasema: "Basi njo hii tu?" Njo hii tu. Lakini kwa kuifikia tulitumia siku mbili za yenga, na umeme ilikatika mara tatu.

Kisha ikabaki kuweka akiba. Fishie ile inaweza kuchunga masaa ndani ya telefone yenyewe, kwa fasi inayoitwa localStorage. Ni muzuri, ila ukipanguza vitu vya navigatere, masaa yote yanaenda. Na telefone inaibiwa. Kwa hiyo tunasema: chunga kaye ya karatasi pia. Wamama walikataa kabisa kuiacha, na wana haki.

Leo tuko ku hatua ya pili. Tulipata laptop ya zamani. Juu yake tumeweka Python, pamoja na Flask, kifaa cha bure cha kujengea aplikasio, na SQLite, inayochunga orodha yote ndani ya fishie moja. Telefone moja inafungua Wi-Fi yake, laptop na telefone zingine zinajiunga. Tunaandika adresi ya laptop na namba 5000 nyuma yake, na ukurasa unafunguka. Hakuna mega inalipwa, kwani hatutoki ku intaneti. Kuko kitu kimoja cha kujua: Flask, kama ilivyo, inajibu laptop yenyewe tu. Ili telefone zingine zisikie, unaiambia ianze na host 0.0.0.0.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya majina. Wengine walitaka kuandika jina, namba ya kazi na kampuni ya kila mutu. Wengine wakauliza: laptop ikianguka mu mikono ya mukubwa wa personele, atasoma nini? Atasoma orodha ya wale wanaodai. Mwenye kontra ya miezi mitatu anajua maana yake. Tumekata hivi: ndani ya machine muko namba tu, 1, 2, 3, na karatasi yenye majina inachungwa fasi ingine na mutu moja. Tena tangu mwaka 2023 inchi yetu iko na Kodi ya numérique inayolinda habari za watu, na sendika nayo inapashwa kuifuata.

Aplikasio haishitaki kampuni. Inatoa karatasi moja kwa mwezi: masaa uliyofanya, masaa ya fishi, tofauti, dola ngapi. Ile karatasi delege anaingia nayo kwa wakubwa, na wakikataa, inaenda kwa enspektere wa kazi kwa kupatanisha, mbele ya tribinali.

Inabaki sikukuu. Machine haijui bado kwamba 4 januari, 16 na 17 januari, 1 mei na 30 juni si siku kama zingine, inazihesabu kama siku za kawaida na kumupunguzia mufanyakazi asilimia 100 yake. Mwanafunzi wetu anasema ni mistari kumi hivi ya kuongeza. Tutaiandika siku ya yenga inayokuja, kama umeme iko.