Ufadhili wa Michezo Marekani: Mambo ya Kujua Kabla Usharika Haujachanga

Ofisi ya miradi imepokea maombi ya vijana wa sekondari kutoka maeneo ya Kiabakari ambao ni wachezaji wa mpira na wakimbiaji. Wanaomba sharika ziwasaidie kupata nafasi ya kusoma Marekani kwa njia ya michezo. Ombi mojawapo liliambatana na barua ya mtu anayejiita wakala, ambaye anataka alipwe kwanza ndipo amtambulishe kijana kwa makocha. Mzee wa familia hiyo alikuwa amekwisha kutenga ng'ombe wa kuuza. Kwa sababu hiyo nimeona ni vema kueleza utaratibu ulivyo.

Kwanza niseme kwamba wazo lenyewe si ndoto ya mchana. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita mwaka 1953, hapa hapa mkoani kwetu, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Mwaka 1980 alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vya Marekani, na mwaka huo huo akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Baadaye alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na 1988. Naye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alimalizia sekondari huko Houston, akacheza mpira wa kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili nchini kote kuingia ligi ya kulipwa ya NBA. Majirani zetu wa Kenya wana mpango uitwao KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners pamoja na mwanariadha Mike Boit. Mwanzoni mpango huo uliwapeleka vijana wa Bonde la Ufa katika vyuo bora vya Marekani, na ulikuwa ukiangalia kwanza matokeo ya darasani, kisha mbio. Mpangilio huo unanipendeza.

Kule Marekani chuo ndicho kiwanda cha wanamichezo. Michezo ya vyuo vingi husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, chenye madaraja matatu. Vyuo vya daraja la kwanza na la pili vinaruhusiwa kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya mchezo wake. Vyuo vya daraja la tatu haviruhusiwi kabisa. Vinaweza kutoa msaada kwa ajili ya ufaulu au uhitaji wa familia tu. Hapa sharika zetu zisikilize kwa makini, maana vyuo vya Kilutheri vinavyotajwa mara nyingi na rafiki zetu wa Minnesota, kama St. Olaf, Gustavus Adolphus na Augsburg, vyote vimo daraja la tatu. Mgeni akituahidi kwa moyo mwema kwamba kijana atasomeshwa huko kwa sababu ya mguu wake, hajui au amesahau.

Mfano unaoeleza vizuri jinsi ya kujitambulisha ni wa mpigaji katika mpira wa Kimarekani, ule wa mviringo wa yai. Timu ina wachezaji wengi, lakini kazi ya kupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo ni ya mtu mmoja au wawili. Kocha hazunguki nchi nzima kumtafuta mtu huyo, hivyo kijana wa sekondari humwandikia kocha mwenyewe. Nguzo za vyuo zina upana wa mita 5.64, na mpira lazima upite juu ya mwamba ulio mita 3.05 kutoka ardhini. (Shuti ambalo Kiabakari lingechekwa kwa kupaa juu ya goli, kule ni pointi tatu.) Wanigeria wawili, Obed Ariri na Donald Igwebuike, walitoka kwenye soka wakawa wapigaji wa Chuo Kikuu cha Clemson, na Igwebuike akaingia timu ya kulipwa ya Tampa Bay mwaka 1985.

Barua ya kijana wa namna hiyo ni fupi, haizidi ukurasa mmoja. Hutaja jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, mwaka atakaomaliza, alama za masomo, urefu na uzito, na umbali anaopiga. Huambatana na video fupi isiyokatwakatwa, iliyopigwa kutoka nyuma ili nguzo zionekane, pamoja na jina na simu ya mwalimu wa michezo. Haina sifa nyingi. Kocha anayepokea barua nyingi hutafuta namba anazoweza kuzihakiki.

Kijana wetu wa Kiabakari hana nguzo hizo, na hakuna sababu ya kumtengenezea. Mkimbiaji ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu muda wa mita 1,500 unaeleweka popote. Aeleze alikimbia wapi, kwenye nyasi au lami, nani alishika saa, na kama ni matokeo ya UMISSETA aseme ni ya mwaka gani. Mcheza soka atume mechi nzima, maana mabao matano yaliyounganishwa hayaonyeshi anavyocheza akipoteza mpira. Tarehe ya kuzaliwa iwe ile ile ya cheti. Mchezo wa kupunguza umri, ambao baadhi yetu tumeufumbia macho kwenye mashindano ya shule, humharibia kijana hapo hapo pasipoti na matokeo ya NECTA vinapolinganishwa. Vile vile asikae miaka mingi nyumbani akishindana baada ya kumaliza sekondari, maana kanuni za daraja la kwanza zinaweza kumpunguzia misimu ya kucheza.

Kuhusu mawakala: kocha wa chuo hamtozi mwanafunzi fedha ili amsome, na barua pepe kijana anaweza kuiandika mwenyewe akisaidiwa na mwalimu wa Kiingereza. Wakala anayeahidi timu ya soka ya kulipwa ng'ambo kwa mtoto chini ya miaka 18 aogopwe zaidi, kwa kuwa kanuni za FIFA zinakataza uhamisho huo isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

Lipo pia jambo la viza. Desemba 2025 Rais wa Marekani alitoa tangazo la kusimamisha baadhi ya viza kwa raia wa Tanzania, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia 1 Januari 2026. Kwa hiyo kamati isichangishe nauli wala kumruhusu mzazi auze mifugo kabla ya kupata jibu la ubalozi, Dar es Salaam, kuhusu hali ilivyo wakati huo. Mzee niliyemtaja amerudisha ng'ombe wake zizini. Kijana wake anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na usharika umekubali kumlipia masomo ya ziada ya hisabati na Kiingereza.