Gauni la Tatu Ndilo Lenye Faida

Chukua gauni moja la kitenge, mikono mifupi, zipu mgongoni. Fundi yupo mtaani, cherehani ipo nyumbani. Lishonwe wapi? Bei ninazotumia hapa ni za mfano tu. Ziondoe, weka za soko lako, kisha upige hesabu upya.

Kiolezo cha kununua mtandaoni, au pateni kama wengi wanavyosema, tuseme ni dola 12, sawa na shilingi 30,000 hivi za Tanzania. Kinakuja kama faili la kurasa 35 za A4. Steshenari wakitoza 200 kwa ukurasa, hiyo ni 7,000. Kitenge cha yadi 6 kinauzwa 36,000. Yadi 6 ni mita 5.49, kwa hiyo mita moja ni kama 6,560. Kikiwa na upana wa sentimita 115, gauni letu linakula mita 2.5, yaani 16,400. Ongeza uzi na zipu, 5,000. Jumla: 58,400.

Kwa fundi, kitambaa ni kilekile cha 16,400, na ufundi pamoja na uzi na zipu ni 25,000. Jumla: 41,400. Umejichosha mwenyewe na bado umelipa 17,000 zaidi.

Ila zile 37,000 za kiolezo na uchapaji hazirudii. Gauni la pili linakugharimu 21,400 tu, nafuu ya 20,000 ukilinganisha na fundi. Kwa magauni mawili, nyumbani umetumia 79,800 na kwa fundi ungetumia 82,800. Karatasi imeshajilipa, kwa tofauti ya 3,000.

Hapo wengi husimama na kushangilia. Mimi naongeza gharama moja ambayo wauza violezo hawaiandiki kwa herufi kubwa: gauni la majaribio. Mita 2.5 za merikani kwa 3,000 kila mita ni 7,500. Gharama ya kuanzia sasa ni 44,500, na magauni mawili yanaokoa 40,000 tu. Faida inaanza gauni la tatu. Ni bima ya 7,500 inayolinda kitenge cha 16,400, na sioni sababu ya kuikwepa. (Merikani yenyewe ilipata jina kwa sababu ililetwa Zanzibar kutoka Marekani, hasa na wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts. Katika jimbo hilohilo, mjini Sterling, mshonaji Ebenezer Butterick alianza mwaka 1863 kuuza violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali.)

Jaribio linahitajika kwa sababu ya saizi. Katika majedwali ya kampuni za violezo za Butterick, McCall's, Simplicity na Vogue, saizi 14 ya wanawake ni kifua sentimita 92, kiuno 71, nyonga 97. Saizi 18 ni 102, 81 na 107. Namba hizi hazilingani na zile za lebo za nguo za dukani, kwa hiyo anayechagua kwa mazoea hununua kiolezo kisichomfaa. Sasa mchukue mwanamke mwenye kifua 92 na nyonga 107, umbo tunalokutana nalo kila siku. Juu ni 14, chini ni 18. Tofauti kwenye nyonga ni sentimita 10, lakini usiogope: mishono ya ubavuni ni miwili, kila mmoja una kingo mbili, mbele na nyuma. Gawa 10 kwa 4, unapata sentimita 2.5 kwa kila ukingo. Unachora mstari laini kutoka 14 kwapani hadi 18 nyongani, basi.

Kingo hizohizo nne zinaweza kukuumiza. Violezo vya kampuni hizo nne huja na nafasi ya mshono ya sentimita 1.5. Vya jarida la Burda, lililoanzishwa Ujerumani na Aenne Burda mwaka 1950, kwa desturi havina. Ukisahau kuongeza, 1.5 mara 4 ni sentimita 6 zilizopotea nyongani. Na ukiacha printa ipunguze ukurasa hadi asilimia 97, gauni la mzunguko wa sentimita 100 linatoka na 97. Chapa kwanza ukurasa wenye mraba wa kupimia, ukisoma 9.7 badala ya 10, usichape nyingine 34.

Muda wako nimeuhesabu sifuri, jambo ambalo si haki. Gauni likichukua saa 6, ile nafuu ya 20,000 ni kama 3,300 kwa saa. Na kama huna cherehani, ya 400,000 inadai magauni 20 kabla haijajilipa.

Zawadi unazoshona kwa kitambaa kilichobaki ndizo zinazogeuza mizani. Kile kitenge cha yadi 6 ukikifua kwanza, kikanywea asilimia 3, zinabaki mita 5.3. Toa 2.5 za gauni, zimebaki 2.8. Mfuko wa sokoni wenye vipande viwili vya sentimita 40 kwa 45 unahitaji nusu mita, mikanda yake ikitoka pembeni. Hiyo ni mifuko mitano, kila mmoja 3,280 za kitambaa na tuseme 500 za uzi: chini ya 19,000 kwa watu watano. Kitenge chenye ndege au maua yanayotazama upande mmoja huongeza pengine nusu mita kwenye gauni, nawe unabaki na mifuko minne. Kiolezo cha mfuko usinunue. Mistatili miwili na rula vinatosha. Pesa ya kiolezo ipeleke kwenye kola, mkono na makwapa, mahali penye mistari iliyopinda ambayo rula haiwezi kuichora. Na jirani akitaka ulishone lile gauni kwa malipo, soma kwanza masharti: violezo vingi huuzwa kwa matumizi binafsi tu.