Betri Ijazwe Saa Ngapi?

Saa nane za usiku, Wakenya wengi wakiwa wamelala, visima vya mvuke vya Olkaria kule Naivasha vinaendelea kufanya kazi. Mvuke unapanda kutoka ardhini kwa nguvu ileile ya mchana, ilhali mahitaji ya umeme nchini yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa nyumbani. Mitambo ikipunguzwa kasi, mvuke ambao uchimbaji wake umekwisha kulipiwa huachiliwa uende zake angani. Ndiyo maana nikiulizwa kama pikipiki ya umeme kweli ni safi, nami huuliza: inachajiwa saa ngapi?

Jioni mambo hugeuka. Jua limezama, taa na televisheni zimewashwa kila nyumba, na hapo ndipo mitambo ya mafuta ya Mombasa na ya viungani mwa Nairobi huongezwa. Ukihesabu mwaka mzima, karibu sehemu tisa kati ya kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua, na nchi ina haki ya kujivunia hilo. Lakini betri haili wastani wa mwaka. Inakula umeme wa saa ile ilipochomekwa.

Tupige hesabu. Bodaboda ya petroli hutumia takriban lita 2 kwa kilomita 100, na kila lita ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Ya umeme huhitaji takriban uniti 4 kwa safari hiyohiyo. Uniti hizo zikitoka kwenye mtambo wa dizeli, zimebeba karibu kilo 3, na faida iliyobaki ni ndogo. Zikitokana na mvuke wa usiku ambao ungepotea, hewa chafu inayoongezeka ni kidogo mno. Pikipiki ni moja na mwendesha boda ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa tu.

Serikali imeliona jambo hili, na kwa maoni yangu hapa ndipo ilipofanya kazi yake bora kuliko kwingine. Mwaka 2023 mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti nyakati za kawaida, na shilingi 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha ikazipunguzia pikipiki za umeme mzigo wa VAT. Lengo la serikali la mwaka 2020, kwamba magari ya umeme yafikie asilimia 5 ya yanayoingizwa nchini ifikapo 2025, halikunisisimua sana. Bei ya usiku ina uzito zaidi, kwa sababu inagusa mfuko wa mtu kila siku.

Tatizo ni kwamba haimgusi mwendesha boda mwenyewe. Yeye hana nafasi ya kungoja betri ijae. Anafika kwenye kituo cha kubadilishia betri saa saba mchana, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, analipa, anarudi steji. Nafuu ya shilingi 8 humwangukia mwenye kituo, tena mwenye kituo naye hawezi kuifaidi asipokuwa na betri za akiba: zichajiwe usiku, zikae rafuni zikingoja wateja wa mchana na wa jioni. Akiwa na chache, kila inayorudi lazima ichomekwe papo hapo, hata kama ni saa mbili usiku, mitambo ya mafuta ikinguruma.

Na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye pikipiki hizi. Kituo kikitaka kuwahudumia waendeshaji 50 kwa umeme wa usiku pekee, kinahitaji betri nyingi zaidi ya 50, na fedha zilizolala rafuni zinadaiwa riba kila mwezi. Kama Hazina ya Taifa ina shilingi ya kutenga kwa usafiri safi, ningeiomba iiweke hapo, kwenye mikopo nafuu ya betri za akiba, kabla ya kununua gari hata moja la umeme la kumbeba waziri.