Usiache Dawa kwa Kuwa Uvimbe Umeisha

Pengine nyumbani kwako, au kwa jirani, yupo mzee ambaye miguu yake huvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Akipanda kilima kidogo ahema. Usiku hawezi kulala chali, sharti aegemee mito. Hospitalini waliona kwamba moyo wake umechoka, wakampa vidonge, na kimojawapo huitwa spironolaktoni. Baada ya majuma machache uvimbe umepungua, naye asema: "Nimepona, ya nini kumeza tena?" Hapo ndipo penye hatari. Tuone kwa nini.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Tezi hiyo hutia katika damu vitu viitwavyo homoni, navyo ni kama matarishi wanaopeleka amri mwilini. Mmoja wao ni aldosteroni, iliyogunduliwa mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait huko London, wakisaidiana na wataalamu wa Basel, Uswisi. Amri yake kwa figo ni hii: "Chumvi isipotee." Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Amri hiyo ni njema kwa mtu aliyekaukiwa maji. Lakini moyo ukiwa dhaifu, damu ifikayo kwenye figo ni haba; mwili wadhani umekauka, nao watuma tarishi huyo bila kukoma. Maji yazidi, miguu yavimba.

Tarishi huyu ana ufunguo, na chembe za mwili zina kufuli ziitwazo vipokezi. Kufuli hizo hazimo katika figo tu, zimo hata moyoni. Zikifunguliwa kupita kiasi siku kwa siku, nyuzi ngumu huongezeka katikati ya nyama ya moyo, kama kovu la jeraha. Nawe wajua, kovu halivutiki. Moyo wawa mgumu, wajaa kwa shida, hata mapigo yake yaweza kuvurugika.

Kazi ya spironolaktoni ni kukaa ndani ya kufuli, ufunguo ukose nafasi. Mwaka 1999 yalitangazwa majaribio yaliyoitwa RALES. Wagonjwa 1,663 wenye moyo dhaifu sana waliendelea na dawa zao za kawaida. Wengine waliongezewa spironolaktoni, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka kama miwili, kati ya 841 waliopewa kidonge kitupu walikufa 386. Kati ya 822 waliopewa dawa walikufa 284. Majaribio yalikatizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana wazi. Tena kipimo kilikuwa kidogo, kisichokojoza sana. Na damu ya wagonjwa 261 kati yao ilipochunguzwa, dalili za kujengeka makovu zilionekana kupungua kwa wale waliomeza dawa.

Basi umeona? Uvimbe ni jambo la macho tu. Kazi kubwa ya kidonge hiki yafanyika ndani, mahali usipoweza kubonyeza kwa kidole. Aachaye dawa kwa sababu viatu vyamwenea tena amewaacha matarishi warudi kwenye kufuli.

Lakini dawa hii yataka uangalizi. Huzuia potasiamu isitoke katika mkojo, nayo potasiamu ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo. Huko Ontario, Kanada, baada ya mwaka 1999 dawa hii ilitumiwa na wengi sana, na waliolazwa kwa potasiamu nyingi waliongezeka. Kwa hiyo siku uliyoitwa kupimwa damu, usikose. Ukishikwa na kuhara au kutapika, mwone daktari upesi, usingoje. Mwanamume akivimba matiti au kuyasikia yauma, asione haya wala asiache kidonge kimyakimya. Amwambie daktari, kwani ipo dawa nyingine iitwayo eplerenoni, isiyoleta sana taabu hiyo.

Mwisho, usimgawie jirani vidonge vyako eti kwa kuwa miguu yake nayo imevimba. Uvimbe una sababu nyingi, hata ugonjwa wa figo, na mwenye figo mbovu dawa hii yaweza kumwua. Mpeleke akapimwe.