Makala ya Yokohama Iliyochelewa Kusomwa

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka, profesa wa Chuo Kikuu cha Toin mjini Yokohama, Japani, alichapisha pamoja na wenzake watatu makala fupi kuhusu seli za sola. Aliyekuja na wazo lenyewe alikuwa mwanafunzi, Akihiro Kojima. Alitaka kujaribu perovskiti, jamii ya fuwele yenye jina la madini yaliyogunduliwa katika milima ya Ural mwaka 1839. Wao waliitengeneza kwa risasi na iodini, wakaipaka juu ya utando wenye vitundu vidogo mno.

Seli hiyo iligeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Kibaya zaidi, ndani yake mlikuwa na kimiminika cha kupitisha chaji, na kimiminika hichohicho kiliziyeyusha zile fuwele. Ilikufa baada ya dakika chache. Wataalamu wengi hawakuona sababu ya kuifuatilia, na kwa miaka mitatu hivi makala hiyo ilinukuliwa kwa nadra.

Wachache waliifuatilia. Henry Snaith wa Oxford alimtuma mwanafunzi wake Japani kujifunza namna ya kuandaa fuwele hizo. Mwaka 2012 kundi lake, Miyasaka akiwemo, lilitangaza seli isiyo na kimiminika iliyofikia asilimia 10.9. Mwaka huohuo kundi la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini lilifika asilimia 9.7. Hapo maabara za dunia nzima zikaamka. Silikoni ya seli za kawaida za sola huyeyushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Perovskiti unaweza kuichanganya kama rangi, ukaipaka juu ya kioo na kuikausha kwa nyuzi 100 hivi. Leo seli bora za maabara zimevuka asilimia 26, ingawa unyevu bado huziharibu na risasi iliyomo ni sumu.

Makala ya 2009 sasa imenukuliwa zaidi ya mara 10,000. Maneno ni yaleyale, vipimo ni vilevile. Kilichobadilika ni idadi ya watu walioihitaji.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na desturi ya kumpima mtafiti kwa namba. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha h, kilichopendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, h yako ni 20. Ni hesabu rahisi, na inamzuia mtu mwenye makala moja iliyobahatika asionekane ameandika mengi ya maana. Lakini urahisi huo una gharama: makala iliyonukuliwa mara 10,000 huongeza h kwa moja tu, sawa na ile iliyonukuliwa mara 20.

Wala wingi wa machapisho si ushahidi wa ukweli. Jan Hendrik Schön, mtafiti wa maabara za Bell Labs, aliyekuwa akichunguza vifaa vya kielektroniki, mwaka 2001 alikuwa akitoa makala moja kila siku nane hivi kwa wastani. Mwaka 2002 kamati ya uchunguzi ilibaini kwamba alikuwa amebuni data, na jarida la Science likafuta makala zake nane. Waliomfichua hawakutumia jedwali la namba: wasomaji makini waliona mchoro uleule ukijirudia katika makala zilizodai kueleza majaribio tofauti.

Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki pia, mhadhiri hupanda cheo kwa machapisho, na hiyo ni haki. Ila kama kamati ya vyeo ingemkagua Miyasaka mwaka 2011 kwa nukuu za makala ile pekee, ingemwona mtu aliyepoteza muda kwa seli inayokufa ndani ya dakika chache. Nawaomba wajumbe wa kamati hizo: mkipokea faili la mtafiti, mwambieni achague makala tatu anazoziamini kuliko zote, kisha mketi mzisome kabla ya kufungua ukurasa wa namba.