Jinsi Kimo cha Mtu Kinavyojulikana kwa Mifupa Yake

Hutokea mara kwa mara ya kuwa mchunga ng'ombe, au mlima shamba, au wachimbao kisima, huona mifupa ya binadamu mahali pasipo kaburi. Habari ikifika mjini watu hukusanyika, na kabla jua halijachwa marehemu amekwisha kupewa jina. Jamaa fulani huambiwa, "Huyu ndiye ndugu yenu aliyepotea," nao huanza kulia na kuzika. Lakini ikiwa jina lile si lake, madhara yake ni makubwa. Jamaa wale huacha kumtafuta mtu wao, ambaye pengine yu hai, mke huhesabiwa mjane naye bado ana mume, mali hurithiwa, na labda mtu asiye na hatia hushitakiwa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wataalamu wanavyokadiria kimo cha marehemu kwa mifupa yake.

Kila mtu ajua ya kuwa mwenye kimo kirefu huwa na miguu mirefu. Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini, nao ni kama robo ya kimo cha mtu na kuzidi kidogo. Basi mtaalamu huulaza juu ya ubao wenye alama za vipimo, ambao upande mmoja una kizuizi kisichosogea na upande wa pili kizuizi chenye kusogea. Kamba ya fundi wa nguo haifai kwa kazi hii, kwa maana hupinda pamoja na mfupa na kudanganya.

Sasa, atajuaje kimo kwa mfupa mmoja? Hapana budi kwanza kuwapima watu wengi ambao kimo chao kilijulikana walipokuwa hai, kisha kuilinganisha na mifupa yao. Kazi mashuhuri ya namna hii ilifanywa na bibi mmoja wa Marekani, Mildred Trotter. Mwaka 1948 alikwenda Hawaii, akapima mifupa ya askari wa Marekani waliokufa vitani katika bahari ya Pasifiki. Askari wale walikuwa wamepimwa kimo siku walipoandikwa jeshini. Mwaka 1952, pamoja na Goldine Gleser, alitoa hesabu ambazo zilitumika katika nchi nyingi.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi wake. Kwa wanaume Wamarekani wenye asili ya Ulaya, urefu wa mfupa wa paja kwa sentimeta huzidishwa kwa 2.38, kisha hujumlishwa 61.41. Kwa wanaume Wamarekani wenye asili ya Afrika, huzidishwa kwa 2.11, kisha hujumlishwa 70.35. Mfupa wa sentimeta 45 kwa hesabu ya kwanza watoa kimo cha sentimeta 168 na nusu. Kwa hesabu ya pili watoa 165 na kidogo. Mfupa ni ule ule, na majibu ni mawili, kwa sababu maumbile ya watu hayalingani. Ndiyo maana Allbrook alipima wanaume wa Uingereza na wa Afrika ya Mashariki, akatoa hesabu zake mwaka 1961, ili watu wa huku wasipimwe kwa kipimo cha wengine tu.

Tena jibu lenyewe si kimo kimoja, bali ni kama ua lenye upana. Katika hesabu ile ya pili, ukitaka kupata watu 19 katika kila 20, huna budi kuongeza na kupunguza karibu sentimeta 8. Maana yake mwenye mfupa ule aweza kuwa na kimo cha sentimeta 157 hata 173. Mzee naye hupungua kimo kwa kadiri miaka inavyopita. Na mifupa ya mtoto haipimwi kwa hesabu za watu wazima, kwa kuwa ncha zake hazijaungana bado.

Hata mabingwa hukosea. Mwaka 1995 wataalamu walionyesha ya kuwa mifupa ya muundi katika kazi ile ya Trotter ilipimwa bila kuhesabu ncha iliyo kwenye kifundo cha mguu. Kwa hiyo mtu aliyeupima muundi sawasawa, kisha akatumia hesabu ile, alipata kimo kilichozidi kwa sentimeta 2 na nusu hata 3.

Basi faida yake ni nini? Tuseme watu wawili wamepotea, mmoja ana sentimeta 183, wa pili 163, na mfupa ulioonekana ni ule wa sentimeta 45. Yule mrefu yu mbali na ua letu, basi jamaa zake wasiambiwe walie. Lakini hatuwezi kusema ya kuwa huyu ndiye yule mfupi, kwa maana watu wenye kimo chake ni wengi, na wapita njia ni wengi pia. Kimo hukataa vizuri kuliko kinavyothibitisha. Ushahidi wa kumtaja mtu kwa jina hutafutwa katika meno, katika mfupa uliovunjika zamani ukaunga, na siku hizi katika vinasaba, yaani alama za uzazi zilizomo mwilini, ambazo hulinganishwa na za jamaa zake.

Kwa hiyo wakubwa wa miji na wazee twawasihi hivi. Mifupa ikionekana, isiokotwe wala kuoshwa. Mahali pale pawekewe mlinzi, na polisi waitwe. Asichukue mtu fuvu peke yake akaacha mingine, kwa maana fuvu halitoi kimo kama mfupa wa paja. Jamaa waulizwe kimo cha mtu wao, nao waonyeshe kwa mlango au ukuta aliosimama karibu nao, maana huenda mtu akamkumbuka mpenzi wake kuwa mrefu kuliko alivyokuwa. Na jina lisitajwe mpaka limethibitika. Kungoja ni kuchungu, lakini kumzika mgeni kwa jina la mwanao ni kuwapoteza watu wawili.