Hujala, una mafua, lakini sukari imepanda: Kwa nini?

Mgonjwa wa kisukari akishikwa na mafua makali, hamu ya kula huwa ya kwanza kupotea. Anakunywa uji nusu kikombe, anarudi kulala. Halafu anajiambia: "Sijala kitu, sukari itakuwa chini. Leo naacha sindano."

Akipima, mashine inasoma 17. Kawaida asubuhi kabla ya kula ni isizidi 6.

Wengi hapo hudhani mashine ni mbovu. Siyo mbovu.

Sukari inatoka wapi?

Inatoka mwilini mwenyewe, hasa kwenye ini. Virusi vya mafua makali au UVIKO-19 vikishaingia kwenye njia ya hewa, mwili unajiandaa kupigana. Unamwaga homoni za dharura, zikiwemo kortizoli na adrenalini, na ini linaanza kutoa sukari liliyoweka akiba na kutengeneza nyingine. Shida ni kwamba homoni hizohizo zinaifanya insulini ifanye kazi kwa shida. Sukari inamwagika kwenye damu, lakini haiingii vizuri kwenye seli.

Asiye na kisukari, kongosho lake huongeza insulini na mambo yanaishia hapo. Mwenye kisukari hana uwezo huo, au anao kidogo.

Ndiyo maana kliniki za kisukari hurudia jambo hili kila siku: usiache insulini eti kwa sababu hujala. Dozi inaweza kuongezwa au kupunguzwa, lakini uliza kwanza. Kwa mwenye kisukari aina ya 1, kuacha kabisa kunaweza kuua. Pima kila baada ya saa nne hivi, na maji yasikauke pembeni ya kitanda.

Vidonge vina habari nyingine. Glibenklamidi inaweza kushusha sukari kupita kiasi kama huli, na ikifika chini ya 4 hiyo nayo ni hatari. Metformini wakati mwingine husimamishwa kwa muda ukiwa unatapika au kuharisha. Hapa hakuna jibu moja la watu wote, piga simu kwa anayekutibu.

Dalili ambazo watu huzichanganya

Insulini isipotosha, mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, ambazo huifanya damu iwe na asidi. Mgonjwa anatapika, tumbo linauma, ana kiu isiyoisha, anakojoa sana. Pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva mno, na anapumua kwa haraka na kwa kina.

Hicho cha mwisho ndicho kinachotisha. Mtu ana mafua tayari, sasa anahema. Nyumbani wanasema kifua kimembana, wanampa dawa ya kikohozi na kumfunika blanketi. Kumbe anahitaji hospitali saa hiyohiyo, siyo kesho asubuhi. Na ukifika, sema wazi kwamba ana kisukari. Kama hamjui, omba apimwe: ni tone moja la damu ya kidole na majibu hayachukui hata dakika moja.

Tena angalia mnachompa. Glukosi ya unga "ya kumpa nguvu", soda, asali na tangawizi, dawa ya kikohozi ya maji yenye sukari. Vyote ni sukari juu ya sukari. (Tangawizi yenyewe haina kosa, ni asali.)

Kuna jingine la duka la dawa. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliofikia kuhitaji oksijeni. Watu wakasikia nusu tu ya habari. Dawa hiyo, kama ndugu yake prednisoloni, hupandisha sukari, na kwa mafua ya kawaida siyo ya kujinunulia. India, mwaka 2021, maelfu waliugua fangasi mweusi baada ya UVIKO-19. Wengi wao walikuwa na kisukari na walikuwa wametumia dawa za aina hii.

Ukishapona je?

Kwa wengi sukari hurudi kama ilivyokuwa. Lakini siyo kwa wote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022 uliwafuatilia maveterani zaidi ya 180,000 waliopata UVIKO-19. Baada ya mwaka mmoja, hatari yao ya kugundulika na kisukari ilikuwa juu kwa asilimia 40 kuliko ya wenzao wasioambukizwa. Asilimia hiyo inashtua, ila kwa hesabu ya watu ni kama 13 zaidi katika kila 1,000. Na wengi wa maveterani hao walikuwa wanaume wa umri mkubwa, kwa hiyo usiibebe namba hiyo moja kwa moja kwa kijana wa miaka 25.

Swali gumu ni hili: je, virusi vilileta kisukari, au vilikifichua tu? Afrika, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya 2021, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao.

Kipimo cha HbA1c husaidia kujibu, kwa sababu huonyesha wastani wa sukari wa karibu miezi mitatu iliyopita. Kikisoma asilimia 6.5 au zaidi ukiwa ndiyo kwanza una siku ya tatu ya mafua, uwezekano mkubwa tatizo lilikuwepo kabla. Kikiwa cha kawaida huku sukari ya siku hiyo iko juu, huenda ni maradhi tu yameipandisha. Hapo daktari atakutaka urudi upimwe tena ukishapona, asubuhi, kabla ya kula.